Kompyuta Inakwama Kwenye Faili Kubwa za Picha: Nunua Nini Kwanza

Bango la fleksi la mita 3 kwa 6, likitengenezwa kwa pikseli 100 kwa inchi, lina pikseli 11,811 kwa 23,622. Hizo ni pikseli milioni 279. Kwenye CMYK (rangi nne za uchapishaji) ya biti 8 kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo leya moja tu iliyojaa inachukua takriban GB 1.1 ya kumbukumbu, hata kama JPEG aliyokuletea mteja ilikuwa na MB 40. Weka leya ya pili ya picha, kivuli, na nakala ya akiba uliyoificha chini kwa tahadhari, na tayari umevuka GB 3. Mashine yenye RAM ya GB 8 haina pa kuliweka bango hilo. Ndiyo maana brashi inachelewa kufuata mkono na kila ukibonyeza Ctrl+Z unapata muda wa kunywa chai.

Hapo wengi hukimbilia dukani na kurudi na kadi ya grafiki, kwa kuwa wameambiwa kazi ya picha ni kazi ya kadi. Pesa imetoka na bango bado linakwama. Kwa faili kubwa za Photoshop mpangilio wetu wa ununuzi ni huu: RAM kwanza, SSD ya NVMe (diski ya haraka isiyo na sehemu inayozunguka) ya pili, kubadilisha mashine nzima ni hatua ya tatu, na kadi ya grafiki inakuja ya nne. Kabla ya yote hayo kuna kupima, na kupima ni bure.

Pima kabla ya kufungua pochi

Fungua faili lako zito zaidi. Chini kushoto mwa dirisha la Photoshop, karibu na asilimia ya ukubwa wa kuonekana, kuna mshale mdogo. Ubonyeze uchague Efficiency. Fanya kazi kama kawaida kwa dakika kumi ukiiangalia namba hiyo.

Ikibaki 100%, RAM yako inatosha kwa faili hilo. Ikishuka hadi 80, 60 au 40, Photoshop imeishiwa RAM na inaandika vipande vya picha kwenye diski, kisha inavisoma tena kila inapovihitaji. Fungua Task Manager (Ctrl+Shift+Esc), nenda Performance, halafu weka Gaussian Blur (kichujio cha ukungu) kwenye leya nzima. Kwenye mashine iliyobanwa utaona prosesa inacheza kwenye asilimia 15 huku diski ikiwa imeganda kwenye 100%. Prosesa haina kazi, inasubiri diski. Hata ukiibadilisha na ya bei mbaya, nayo itasubiri vilevile.

Kwenye mshale uleule chagua sasa Document Sizes. Utaona namba mbili, mfano 1.04G/3.20G. Ya kwanza ni picha ikiwa imebanwa kuwa leya moja, ya pili ni pamoja na leya zote. Iandike hiyo ya pili, ndiyo utakayoendea nayo dukani.

Yanayopatikana bila kununua kitu

Dawa ya kwanza ni kupunguza pikseli. Wabunifu wengi hutengeneza bango kwa pikseli 300 kwa inchi kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kwa kadi za harusi. Bango lile la mita 3 kwa 6 kwa 300 linakuwa na pikseli bilioni 2.5, yaani GB 10 kwa leya moja ya CMYK. Kwa 72 linakuwa GB 0.58. Jicho la kawaida lina mpaka wake: gawanya 87 kwa umbali wa mtazamaji kwa mita, utapata pikseli kwa inchi ambazo zaidi ya hapo jicho halitofautishi. Kwa mtu aliye mita 4, hiyo ni kama 22. Kwa hiyo 72 inamtosha na chenji inabaki. Maandishi na nembo usiviweke kwenye Photoshop kabisa, viweke kwenye Illustrator au CorelDRAW vibaki vekta (maumbo yasiyotegemea pikseli), navyo vitatoka vikali kwa ukubwa wowote.

Baada ya hapo nenda Edit, Preferences, Performance. History States kwa kawaida ni 50. Kila hatua inayogusa picha nzima inatunza nakala ya kilichobadilika, hivyo hatua 50 za namna hiyo kwenye leya ya GB 1.1 zinaweza kudai zaidi ya GB 50. Weka 10 au 15. Memory Usage huwa 70%. Kama mashine ina GB 16 au zaidi na hufungui kitu kingine, ipandishe hadi 80 au 85, lakini iachie Windows GB 3 au 4. Ukiweka 100%, Windows nayo itaanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, na utapoteza kuliko ulichopata. Cache Levels weka 6 kwa faili kubwa zenye leya chache.

Kama tatizo ni kuhifadhi tu, yaani kazi inakwenda vizuri ila Ctrl+S inachukua dakika nne, nenda Preferences, File Handling, uweke tiki kwenye Disable Compression of PSD and PSB Files. Faili litanenepa kwenye diski lakini litahifadhiwa haraka zaidi. Kumbuka pia kwamba PSD ina mwisho wa GB 2 na pikseli 30,000 kwa upande. Ukivuka hapo tumia PSB, inayofika pikseli 300,000. Usihifadhi moja kwa moja kwenye flashi. Hifadhi ndani ya mashine, ukimaliza ndipo unakili.

Nafasi ya kwanza: RAM

Chukua ile namba ya pili ya Document Sizes, uizidishe kwa 4, ujumlishe GB 5 za Windows na kivinjari. Faili la 3.2G linakupa karibu 18. Maana yake GB 16 zitakubana na ununuzi sahihi ni 32. Hesabu hii haijatoka mbinguni, anayetumia vichujio vingi atahitaji mara 5 na mwenye leya chache ataridhika na mara 3, lakini hatujaona ikimpotosha mtu sana. Kwa duka la mabango la kawaida GB 32 ndiyo shabaha. GB 64 ni ya panorama, skani kubwa za ramani na kazi za biti 16, kwani biti 16 huzidisha kila kitu mara mbili.

Kosa linaloumiza zaidi kwenye RAM ni kununua ya aina isiyoingia. DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani, mkato wa katikati haukai mahali pamoja. RAM ya laptopu ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. Laptopu nyingi za zamani, kama zile za Intel kizazi cha nne, zinataka DDR3L ya volti 1.35, ukiweka DDR3 ya volti 1.5 inaweza kukataa kuwaka. Fungua mfuniko usome lebo ya kipande ulicho nacho. Ukikuta imeandikwa hivi:

16GB 2Rx8 PC4-2666V-SA2-11

PC4 ni DDR4. 2666 ni kasi. Herufi S kwenye SA2 inasema ni ya laptopu. Ingekuwa U ingekuwa ya mezani, na R ingekuwa ya seva, ile inayoitwa Registered. Hiyo R ndiyo mtego. RAM za seva zilizotumika mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia, zinafanana kwa sura na za mezani, lakini kompyuta ya kawaida haitawaka nazo. Kinyume chake, mashine kama HP Z440 inataka hizohizo za R, na RAM ya kawaida ya mezani haiikubali. Piga picha ya lebo kwa simu uende nayo; maelezo ya mdomo dukani huishia kwenye kurudishiana.

Hakikisha pia kuna mahali pa kuchomeka. Task Manager, Performance, Memory, itakuandikia Slots used: 1 of 2 au namna hiyo. Laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye madabodi. ThinkPad X1 Carbon haiongezeki kabisa. ThinkPad T490 ina kipande kilichochomelewa na sloti moja. ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 zina sloti mbili, na kwa sababu hiyo ndizo tunazozisema kwa mtu anayetafuta laptopu iliyotumika ya kazi hii. MacBook zenye chipu za M haziongezeki, unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho.

Nunua vipande viwili vinavyofanana, 16 na 16, badala ya kimoja cha 32, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. Ukiwa na kipande cha 8 na huna pesa ya viwili, 8 na 16 vitafanya kazi pia, sehemu ya RAM tu ndiyo itakayokosa njia ya pili. Wingi wa RAM una uzito kuliko kasi yake: GB 32 za 2400 zitaishinda GB 16 za 3200 kwenye bango lako kila siku.

RAM iliyotumika si mbaya, ila ipime. Weka MemTest86 kwenye flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo, uiache imalize mizunguko yake minne. Kosa moja likitokea, irudishe. RAM mbovu mara nyingi haizimi kompyuta. Inaharibu faili kimyakimya, na unaligundua kwenye mistari ya rangi ya ajabu wakati printa imeshameza mita tano za fleksi.

Nafasi ya pili: SSD ya NVMe

Hata ukiwa na RAM ya kutosha, Photoshop itaandika kwenye diski ya muda, ile inayoitwa Scratch Disk. Siku itakayokuandikia "Could not complete your request because the scratch disks are full", si diski ya kazi zako iliyojaa, ni hiyo. Kwa mabango tunapendekeza uiachie GB 200 zilizo wazi.

Tofauti za kasi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Diski ya kuzunguka inatoa MB 100 hadi 200 kwa sekunde ikiwa na bahati, na chini sana ya hapo inaporuka huku na huku. SSD ya SATA inaishia kama MB 550. NVMe ya PCIe 3.0 (toleo la njia ya data kwenye madabodi) inafika 3,500 na ya 4.0 hufika 7,000. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote utaona mashine imefufuka. Kutoka 3.0 kwenda 4.0 huenda usione kitu, kwa hiyo usilipie namba hiyo kama madabodi yako ni ya 3.0.

Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni aina ya chipu. SSD za QLC (chipu zinazobana biti nne kwenye seli moja) ni za bei nafuu na zinaanza kwa kasi nzuri kwa sababu zina eneo dogo la haraka la kupokelea. Eneo hilo likijaa, kasi halisi inajitokeza. Samsung 870 QVO ya TB 1, kwa mfano, inashuka hadi MB 80 kwa sekunde, chini ya diski nyingi za kuzunguka. Kwa kuhifadhi filamu haina neno. Kwa Photoshop inayomwaga GB 40 kwa mfululizo, huo ni ukuta. Nunua TLC, yenye biti tatu kwa seli. Kama kwenye boksi hakuna neno TLC wala QLC, tafuta maelezo ya modeli kabla ya kulipa, na kampuni ikinyamaza kabisa, chukulia ni QLC.

Kabla ya kununua, angalia tundu. Kipande kidogo cha M.2 kinaweza kuwa NVMe au SATA, na vyote vinaingia kwenye matundu yanayofanana. Laptopu yenye tundu la SATA tu haitaiona NVMe. Urefu wa kawaida ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80. ThinkPad T480 ina tundu fupi la 2242 lililokusudiwa modemu ya simu, na linapokea NVMe fupi yenye mikato miwili. Ndiyo nafasi safi ya kuweka diski ya muda peke yake, Windows ikabaki kwenye diski yake.

Kwenye mashine za mezani za zamani zisizo na tundu la M.2, kuna kadi ndogo ya kugeuza inayochomekwa kwenye sloti ya PCIe. BIOS (programu inayoiwasha mashine) za zamani nyingi haziwezi kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe, lakini wewe huhitaji kuwasha. Windows 10 yenyewe itaiona kama diski ya ziada, na hiyo inatosha kabisa kwa Scratch Disk.

Ukubwa: TB 1 kama bajeti inaruhusu, GB 500 kama haifiki. Usiijaze zaidi ya robo tatu, SSD iliyojaa hupungua kasi. Iliyotumika ifungue kwa CrystalDiskInfo uangalie Health na jumla ya data iliyoandikwa, kisha ulinganishe na TBW ya modeli hiyo, yaani TB ambazo kampuni inadhamini kuandikwa. Samsung 970 EVO Plus ya TB 1 imepewa 600 TBW. Ukikuta imeshaandikwa TB 550, mwachie mwenyewe. SSD ya nje ya TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana ni bandia. H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, itakuonyesha hivyo, lakini hata bila H2testw ulishajua.

Nafasi ya tatu: mashine nyingine

Kama RAM imefika mwisho wake kwenye madabodi (mashine ya GB 8 isiyoongezeka, au ya DDR3 inayoishia 16), usiendelee kuitia viraka. Kompyuta ya mezani iliyotumika ya ofisini ndiyo inayokupa kasi nyingi kwa pesa kidogo. Dell OptiPlex 7060 yenye i7-8700 ina koa 6 (viini vya prosesa), inapanda hadi GHz 4.6, na toleo lake lisilo la Micro lina sloti nne za RAM hadi GB 64. Kizazi cha nane cha Intel ni mstari wa kuangalia, kwa sababu ndicho Windows 11 inachoanzia kukubali rasmi, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Muuzaji atakuvuta kwenye Xeon, prosesa ya seva, ya koa 14. Photoshop haigawi kazi zake nyingi kwenye koa nyingi kiasi hicho. Brashi, leya na kuhifadhi vinategemea kasi ya koa moja. Xeon E5-2680 v4 ina koa 14 lakini inaishia GHz 3.3, na kwa kazi hii itaachwa nyuma na ile i7 ya koa 6. Kwa kutengeneza video au 3D tungekuwa na mazungumzo mengine.

Mac mini ya M4 ya mwaka 2024 ni mashine nzuri sana kwa picha, inaanzia GB 16. Ukiichukua, ichukue ya 24 au 32 tangu mwanzo.

Nafasi ya nne: kadi ya grafiki

Kadi inasaidia kukuza na kusogeza picha bila mikwaruzo, Liquify, Camera Raw na baadhi ya vichujio vya ukungu na ukali. Haisaidii leya kutosha kwenye RAM wala faili kuhifadhiwa. Ikiwa Efficiency ni 100% na bado kusogeza picha kunashtuka, hapo ndipo uinunue. GB 4 za kumbukumbu ya kadi zinatosha. Kwenye mashine ndogo za ofisini tafuta fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme: Quadro P1000 inakula wati 47 tu, na GTX 1650 fupi ni chaguo jingine. Kadi inayotaka waya wa pini 6 haitapata pa kuchomekwa kwenye OptiPlex ndogo, na kubadilisha pawa saplai yake ni shida kwa kuwa haina umbo la kawaida.

Yanayobaki

UPS ya 650 VA si ya kuongeza kasi, lakini faili la GB 3 linalohifadhiwa umeme ukakatika katikati linaweza lisifunguke tena. Kwa laptopu, betri inayoshika chaji inatosha. Laptopu ikianza vizuri asubuhi na kuzorota baada ya nusu saa, ni joto. Toa vumbi kwenye feni na badilisha pesti ya prosesa kabla ya kununua chochote kilichotajwa hapo juu. Kwa walioko mijini kwenye pwani, vumbi na chumvi hushikana kwenye mapezi ya shaba mpaka upepo haupiti.

Wanaotumia GIMP mpangilio ni uleule, ila namba yao iko Edit, Preferences, System Resources, Tile cache size: iweke karibu na asilimia 70 ya RAM.

Fundi akishafunga vitu, usilipe kabla ya kuangalia mambo matatu. Task Manager ionyeshe RAM yote uliyonunua. Preferences, Scratch Disks, iwe na tiki kwenye NVMe mpya na isiwe na tiki kwenye C (kama bado una diski ya kuzunguka, itoe tiki nayo), kisha Photoshop ifungwe na kufunguliwa upya. Halafu fungua bango lilelile ulilopimia mwanzo, weka Gaussian Blur ya pikseli 50 kwenye leya nzima, ukishika saa mkononi na ukiangalia Efficiency. Kama bado inashuka chini ya 90, rudisha macho kwenye Document Sizes kabla ya kumlaumu fundi: huenda ni lile bango la 300 kwa inchi ambalo hujalipunguza.